Kompyuta Tuliyoiita Gemu

Fundi aliifungua kwa bisibisi, akachungulia ndani, kisha akaanza kucheka.

"Nyathina, hii haina kitu."

Tulikuwa kwenye kibanda chake Migori mjini, katikati ya rundo la redio na spika za matatu. Nilikuwa nimetoka Homa Bay asubuhi, nikabadilisha gari Rongo, na njia nzima nimepakata kibodi ya plastiki ya kijivu iliyofungwa kwa leso ya mama. Kwa mbali ungedhani ni kompyuta ya ofisi ya zamani. Ukikaribia unaona juu yake kuna mwanya wa kuchomeka kaseti ya gemu, na pembeni kuna matundu mawili ya vishikio vya kuchezea.

Niliinama nione. Kasha lote lilikuwa hewa. Katikati kulikuwa na kijibao kidogo cha kijani, na juu ya hicho kijibao hapakuwa na chipu yenye maandishi unayoweza kusoma. Palikuwa na tone moja jeusi, gumu kama lami iliyokauka, na nyuzi za shaba zikiingia chini yake na kupotea.

"Kila kitu kiko hapa," Jaduong' akasema, akiligonga lile tone kwa ncha ya bisibisi. "Na hapa ndipo pameungua. Redio naweza. Hii ni ya kutupa."

Sikuitupa. Lakini siku ile ndiyo nilianza kujiuliza swali ambalo ningefaa kujiuliza nikiwa na miaka tisa: hii kitu ilikuwa nini hasa?

Kama ulikulia Kenya kabla simu hazijameza kila mchezo, unaijua gemu ya TV. Contra. Mario. Bunduki ya kupiga bata. Kaseti imeandikwa ina gemu milioni, ukihesabu unapata tano zinazojirudia. Yetu ilikuja 2009, mjomba aliinunua Isebania, pale mpakani na Tanzania. Ilikuwa na kibodi kwa sababu iliuzwa kama kompyuta ya kujifunzia. Mzazi anaona kibodi, anatoa pesa. Mtoto anaona kaseti, anaanza kuruka.

Zile mashine zilikuwa nakala za Famicom, gemu ambayo Nintendo waliitoa Japani tarehe 15 Julai 1983. Ubongo wa Famicom ulitengenezwa na kampuni ya Ricoh kutoka kwa chipu inayoitwa 6502. Na hii 6502 si chipu ya watoto. Ilizaliwa Marekani 1975, na Chuck Peddle na wenzake walipoanza kuiuza kwa dola 25, wakati washindani walikuwa wanataka mamia ya dola, watu walidhani ni ulaghai. Ndiyo iliyokuwa ndani ya Apple II ya 1977. Ndiyo iliyokuwa ndani ya BBC Micro, kompyuta ambayo shirika la utangazaji la Uingereza liliidhamini kuanzia 1981 ili watu wa huko wajifunze kompyuta.

Kwa hivyo mtoto wa Cambridge mwaka 1982, na mtoto wa Homa Bay mwaka 2009, walikuwa wanabonyeza vitufe vilivyounganishwa na ubongo wa ukoo mmoja. Tofauti ni kwamba mmoja aliambiwa hiyo ni kompyuta. Mwingine aliambiwa azime hiyo gemu akasome.

Na si ubongo tu. Mwaka 1984 Nintendo walitoa Family BASIC, yaani kibodi pamoja na kaseti iliyogeuza Famicom kuwa kompyuta ya nyumbani. Unaandika amri, mashine inatii. Nafasi ya kuandikia ilikuwa chini ya kilobaiti mbili, lakini kaseti ilikuwa na betri za kutunza kazi yako umeme ukizimwa, na ungeweza pia kuirekodi kwenye tepu ya kawaida ya redio.

Wachina wakachukua wazo hilo na kulikuza. Kampuni ya Subor iliuza mashine za aina hii miaka ya 90, Jackie Chan akiwa kwenye tangazo lao. Aliyeiongoza, Duan Yongping, aliondoka 1995 akaanzisha kampuni ambayo ndiyo chimbuko la Oppo na Vivo. Kama unasoma hii kwenye Oppo, basi simu yako na gemu yetu ni jamaa wa mbali.

Yetu haikuwa Subor. Ilikuwa nakala ya nakala. Ilibaki na BASIC, nyuma ya menyu, chini ya gemu zote. Lakini kila mtu aliyeinakili alikuwa amepunguza kitu ili bei ishuke. Betri ilitolewa. Tundu la tepu likatolewa. Ungeweza kuandika programu, na ingefanya kazi sawasawa, ila ukizima, imekwenda.

Mambo mengine yote ninayoandika hapa yanarudi kwenye tundu hilo ambalo halikuwepo.

*

Kaka yangu alikuwa kidato cha pili. Yeye ndiye aliyeipata BASIC, jioni moja TV ikiwa haina mtu. Kulikuwa na kijikaratasi cha maelezo cha Kiingereza kibovu, mifano sita hivi. Alijaribu yote sita, halafu akaanza kuandika yake.

Mama alikuwa anauza omena kwa gorogoro sokoni, na nusu ya wateja wake walikuwa wa mkopo. Kaka akaamua kuandika programu ya madeni. Unaingiza deni moja moja, mashine inajumlisha. Rahisi. Jumla ikakataa. Kila akifika kiasi fulani, mashine inaleta kosa na kusimama.

Mimi nilikuja kuelewa sababu chuoni, kabla sijaacha. BASIC ile haikujua desimali, na haikujua nambari yoyote inayozidi 32,767. Inatunza kila nambari kwa biti 16, moja ni ya alama ya kujumlisha au kutoa, zinabaki 15, na hapo ndipo mwisho. Deni la mtu mmoja linaingia. Deni la soko zima linafurika.

Hakuna aliyemwambia kaka hayo. Alikaa na tatizo lile wiki kadhaa, kisha akapata njia yake: akaanza kuhesabu kwa mamia. Shilingi 345 ni mia tatu kando na 45 kando. Mamia yanajumlishwa peke yake, chenji peke yake, chenji ikifika mia inahamia upande wa pili. Ni jinsi ambavyo watoto hufundishwa kubeba mkononi. Pia ni jinsi ambavyo wahandisi hujumlisha nambari kubwa kwenye mashine ndogo, lakini yeye hakulijua hilo. Alimaliza usiku wa saa nne. Jumla ikatokea kwenye skrini ya Great Wall yetu: MIA 412 NA 50. Akamwita mama. Mama akatoka jikoni anafuta mikono.

Stima ikapotea.

Aliiandika upya mara mbili. Mara ya pili ilipotea kwa sababu mimi nilichomoa waya nikitaka kucheza Contra. Baada ya hapo aliinakili yote kwenye daftari la mraba la hesabu, mistari 31, pamoja na orodha ya madeni, akalifunga. Hakuigusa tena ile mashine. Leo ana miaka 32, ni mlinzi Doha, na ukimuuliza atakuambia yeye si mtu wa kompyuta.

*

Kuna hadithi tunayopenda kujisimulia, kwamba sisi tulichelewa. Kwamba kompyuta za nyumbani zilipita Ulaya miaka ya 80, na sisi tukaruka moja kwa moja hadi kwa simu na M-Pesa. Nusu ni kweli.

Kompyuta zilifika Afrika Mashariki mapema. Shirika la reli na bandari lilikuwa na yake Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Hazina ya Tanzania ilipata ya kwanza 1965. Lakini zilikuwa mashine za serikali, za kufungiwa chumbani. Upande wa Tanzania mambo yaliharibika: mradi wa hesabu wa Hazina ulienda mrama, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. TV nazo zilikuwa kwenye marufuku hiyo. Wakati watoto wa Uingereza wanachomeka BBC Micro kwenye TV za sebuleni, kijana wa Sirare, ng'ambo tu ya mpaka kutoka Isebania, hakuruhusiwa kompyuta na hakuwa na TV ya kuichomeka. Bara hawakuwa na kituo cha TV mpaka 1994.

Upande wetu hapakuwa na marufuku. Palikuwa na stima, au tuseme ukosefu wake. Kaunti ya Migori ina bwawa la umeme la Gogo, kwenye Mto Kuja, lililojengwa miaka ya 1950. Ni megawati 2 tu, na halikujengwa kwa ajili ya nyumba za watu. Lilijengwa kuendesha mgodi wa Macalder, wa shaba na dhahabu. Mgodi ukafungwa, nyaya zikaingia kwenye gridi, na vijiji vilivyo karibu na maporomoko viliendelea na taa za mafuta kwa miongo. Mpango wa Last Mile ulikuja 2015, gharama ya kuunganishwa ikashuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000.

Kompyuta ya nyumbani inahitaji nyumba yenye stima na TV. Kufikia wakati nyumba za kwetu zina vyote viwili, kompyuta za nyumbani zilikuwa zimeacha kutengenezwa popote, isipokuwa zile za bandia zilizojificha ndani ya gemu. Zikaja hizo. Kwa hivyo siwezi kusema hatukufikiwa. Tulifikiwa na mashine yenyewe bila sehemu moja, ile inayokuruhusu kuendelea kesho kutoka ulipoachia leo.

Hata baadaye ilikuwa hivyo hivyo. Serikali iliahidi laptopu za darasa la kwanza 2013. Zilipoanza kufika 2016 zilikuwa tableti, zaidi ya milioni moja nchi nzima. Sizibezi. Lakini tableti ni ya kufungua masomo ambayo mtu mwingine ameyaweka. Gemu ya kaka yangu ilikuwa inamuuliza, mstari baada ya mstari, wewe unataka nini.

*

Sasa turudi Cambridge kidogo, kwa sababu huko ndiko kifaa nilichonunua kilianzia.

Kampuni iliyotengeneza BBC Micro, Acorn, ilitaka ubongo mpya baada ya 6502. Sophie Wilson, aliyeiandikia BBC Micro BASIC yake, na Steve Furber walisafiri hadi Arizona kuwatembelea watu waliokuwa wanaendeleza 6502. Walitarajia jengo kubwa. Wakakuta kazi inafanyika ndani ya nyumba ya kawaida mtaani, na wanafunzi wakisaidia kwa kompyuta za Apple II. Wakarudi nyumbani wakisema, kama hawa wanaweza, sisi je? Wakaunda chipu yao, ARM. Ilifanya kazi mara ya kwanza tarehe 26 Aprili 1985. Furber alipopima umeme inaotumia, kipimo kikasoma sufuri: waya wa umeme haukuwa umeunganishwa. Chipu ilikuwa inaendeshwa na umeme kidogo uliovuja kutoka kwa vifaa vilivyoizunguka. Hadithi hii naipenda kupita kiasi, labda kwa sababu ya mahali nilikokulia.

Leo karibu kila simu ina ukoo wa ARM ndani. Na Cambridge hiyohiyo, Eben Upton na wenzake waliona vijana wanaokuja kusomea kompyuta hawajui kuandika programu kama wale waliokulia na BBC Micro, wakatoa Raspberry Pi, 2012. Januari 2021 wakatoa Pico, kibao kidogo kama kipande cha chingamu, dola 4, chenye chipu yao wenyewe iliyojengwa kwa ARM. Kumbukumbu yake ni kilobaiti 264. Gemu yetu ilikuwa na mbili.

Niliagiza mbili kutoka Nairobi, zikaja na gari kama kifurushi. Za nini mbili? Ya kwanza inasoma kibodi ya zamani. Chini ya vitufe kuna karatasi mbili za plastiki zenye mistari ya kupitisha umeme, mlalo na wima. Ukibonyeza, mstari mmoja unagusana na mwingine. Pico inauliza mistari hiyo moja moja, mara nyingi kwa sekunde, halafu inaongea na mwenzake kama vile ni kibodi ya kawaida ya kompyuta. Ya pili ndiyo kompyuta yenyewe. Niliitilia MMBasic, BASIC iliyoanzishwa na Geoff Graham wa Australia na kuhamishiwa kwenye Pico na Peter Mather, watu wanaofanya haya kwa mapenzi tu. Inatoa picha kwa monita ya VGA, na hizo ni rahisi: saiba zikifungwa, monita hubaki. Na kwenye Pico hiyo ya pili nikaunganisha tundu la kadi ya SD.

Jaduong' ndiye aliyechomelea. Mimi nilijaribu kwanza nikayeyusha mistari miwili ya ile plastiki, na mpaka leo herufi Q haifanyi kazi. Aliuliza mara tatu kwa nini nisinunue tu kibodi mpya ya mia tano. Nikamwambia kuhusu daftari. Alinyamaza, akashika soldagani, ile pasi yake ndogo ya kuyeyusha risasi, na hakuuliza tena.

Jibu lingine nililipata nikiwa safarini kurudi, ingawa nilikuwa nimechelewa kumpa. Kaskazini magharibi mwa Migori kuna Thimlich Ohinga, kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala simiti, zimesimama tangu karne ya 16 hivi. UNESCO waliziorodhesha 2018. Waliozijenga walihama, jamii zilizokuja baadaye ziliingia, zikarekebisha palipoanguka, zikaongeza palipohitajika. Nadhani kuta zile zingekuwa kifusi zamani kama kila aliyefika angeanza upya. Lile kasha la kijivu lilikuwa limejengwa vibaya, na watu wasiotujali. Lakini kaka alikuwa ameishi ndani yake.

*

Niliandika mistari 31 kutoka kwenye daftari, jioni, mama akiwa ameketi nyuma yangu akichambua omena kwa uteo. Mashine ikakataa mstari wa 28: BEEP, amri ya kulia, haipo kwenye MMBasic. Nikaibadilisha. Nikaingiza madeni yote, kumi na manne. Ikajibu: MIA 412.5 NA 0.

Nilidhani nimekosea kunakili. Nikasoma upya mara nne. Kumbe hakukuwa na kosa. Programu ya kaka ilitegemea mashine isiyojua desimali: 345 ukigawa kwa 100 upate 3, basi, 45 ibaki. Mashine mpya inajua desimali, kwa hivyo ilipata 3.45 na chenji sufuri. Hesabu ilikuwa sahihi, lakini hazikuwa hesabu zake. MMBasic ina alama nyingine ya kugawa, mkwaju ulioinamia nyuma, unaotupa desimali. Niliuweka mahali pawili.

MIA 412 NA 50.

Ningeweza kufuta mbinu yote ile na kuandika mstari mmoja wa kujumlisha. Mashine hii haifuriki kwa 41,250. Niliiacha ilivyo. Ni kazi ya kijana wa miaka kumi na sita aliyefika ukingo wa mashine na kutafuta njia ya kuupita bila mwalimu, na kama kuna historia ya kompyuta ya Nyanza Kusini itakayoandikwa siku moja, nataka iwe na mstari wa 40 kama alivyouandika yeye, mkwaju wangu ukiwa pembeni kama marekebisho.

Mama alijisogeza, akavaa miwani, akasoma orodha taratibu kwenye monita. Nilitarajia aseme kitu kuhusu kaka. Akaweka kidole kwenye jina la tano.

"Huyu," akasema. "Huyu hajalipa mpaka leo."

Nilipiga picha ya skrini nikaituma Doha. Alama za buluu zilitokea mara moja, halafu kimya. Nilihesabu zamu yake, nikadhani ameitwa kazini. Saa sita usiku ikaingia sauti ya sekunde mbili. Nyuma yake kulikuwa na kelele za kiyoyozi. Hakuuliza nimeijenga vipi wala nimetumia pesa ngapi.

"Umesevu?"